Stakabadhi bila gunia: Nakala za kumbukumbu za ushirika zimehifadhiwa wapi?

SEPTEMBA 26, mwaka 2025, moto ulizuka katika kituo cha Serikali cha kuhifadhi data mjini Daejeon, Korea Kusini, wakati betri za akiba ya umeme zilipokuwa zikihamishwa. Mifumo zaidi ya 600 ya huduma za Serikali ilisimama. Miongoni mwake ilikuwamo mifumo ya posta, ya vifurushi na ya benki ya posta, siku kumi tu kabla ya sikukuu ya mavuno ya Chuseok, wakati ambao wafanyabiashara wa nchi hiyo huuza na kusafirisha bidhaa kwa wingi.

Huduma nyingi zilirejeshwa kidogo kidogo. Kilichopotea moja kwa moja ni hifadhi ya nyaraka iliyoitwa G-Drive, iliyokuwa na terabaiti 858 za kazi za watumishi wa umma. Iliteketea yote, na nakala yake haikuwapo mahali pengine. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno kuweza kunakiliwa nje ya jengo.

Pengine msomaji atauliza, habari za Korea zinamhusu nini mkulima wa korosho wa Masasi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Nyandarua au mwenye duka la pembejeo mjini Njombe?

Zinamhusu sana. Kwa miaka ya karibuni kumbukumbu za mkulima zimehama kutoka kwenye daftari la karani kwenda kwenye kompyuta. Nchini Tanzania, tangu msimu wa 2022/23 mkulima hupata mbolea ya ruzuku kwa namba aliyopewa baada ya kuandikishwa, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika imekuwa ikiviingiza vyama katika mfumo wa usimamizi unaojulikana kama MUVU. Nchini Kenya, majani ya chai hupimwa kwa mizani ya elektroniki kwenye vituo vya kununulia, na maziwa ya asubuhi huingia kwenye hesabu ya mfugaji kabla hajafika nyumbani.

Hatua hiyo ni nzuri. Imepunguza foleni, imepunguza makosa ya kujumlisha na imempunguzia karani mjanja nafasi ya kufuta namba kwa kalamu. Hata hivyo, imeleta swali ambalo mikutano mikuu ya vyama vyetu hailiulizi. Je, mfumo ukianguka leo, kumbukumbu za jana zitatoka wapi?

Jibu linalotolewa na wauzaji wa mifumo huwa fupi: "Tuna nakala rudufu." Mwenyekiti huridhika, bodi hutikisa kichwa na mkataba husainiwa. Makala haya yanaeleza kwa nini jibu hilo halitoshi, na kwa nini tatizo mara nyingi haliko kwenye programu ya kunakili, bali kwenye mahali ilipoelekezwa kuweka nakala hizo.

Somo la stakabadhi ghalani

Wakulima wa Tanzania wanalifahamu jambo hili kuliko wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Stakabadhi za Maghala, Namba 10 ya mwaka 2005, mkulima hukabidhi mazao ghalani na kupewa stakabadhi. Karatasi ile ina thamani kwa sababu moja tu: kuna gunia nyuma yake. Ghala likiwa tupu, stakabadhi ni karatasi ya kufungia karanga.

Nakala rudufu ni hivyo hivyo. Ripoti ya kila asubuhi inayosema "nakala imekamilika" ni stakabadhi. Gunia ni zile data zenyewe, zikiwa mahali salama, zikiwa nzima, na zikiwa zinaweza kurudishwa. Katika biashara ya kompyuta, stakabadhi zisizo na gunia ni nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

Kontena lisilo na kumbukumbu

Ili kuelewa kosa linapoingia, ni vizuri kujua mifumo ya sasa inavyoendeshwa. Zamani programu ya chama iliwekwa kwenye kompyuta moja ofisini, na kila kitu kilikuwa humo. Siku hizi kampuni nyingi zinazouza mifumo hufunga programu ndani ya kile kinachoitwa kontena. Si kontena la bandarini, lakini wazo ni hilo hilo: programu na kila inachohitaji vinafungwa pamoja, ili viweze kupakiwa kwenye seva yoyote bila kufunguliwa.

Seva kadhaa zikiunganishwa ili zipokee makontena hayo, huitwa klasta. Msimamizi wa klasta ni programu nyingine, na inayotumika zaidi duniani ni Kubernetes, iliyotolewa na Google mwaka 2014. Seva moja ikizimika, msimamizi huwasha kontena jingine kwenye seva nyingine, na mteja pengine hatambui kwamba kuna lililotokea.

Hapo ndipo penye faida, na hapo ndipo penye hatari. Kontena halina kumbukumbu yake lenyewe. Ni kama kibarua wa siku: likiondoka, jingine linakuja, na la pili halijui la kwanza liliandika nini. Kumbukumbu za kudumu lazima ziwekwe nje ya kontena, kwenye diski ambayo klasta huitenga kwa kazi hiyo. Fundi asipoipanga, mizani yote ya mchana inaweza kuandikwa ndani ya kontena na kufutika nalo usiku.

Diski hizo hazipatikani hivi hivi. Programu hupeleka ombi ikitaja ukubwa inaohitaji na daraja la hifadhi, kwa mfano diski za kasi au za kawaida. Daraja lililotajwa lisipokuwapo kwenye klasta, au jina likikosewa hata herufi moja, ombi hubaki linasubiri na programu haiwaki. Kosa hili ni la usumbufu, lakini si la hatari kubwa, kwa sababu linaonekana mara moja. Makosa ya hatari ni yale yanayoruhusu kazi kuendelea kana kwamba mambo ni sawa.

Makosa yanayojificha

Ili kunakili kumbukumbu za klasta, mafundi huweka programu maalumu. Mojawapo inayotumika sana ni Velero, ambayo haina malipo. Kazi yake ni kuchukua orodha ya vitu vilivyomo kwenye klasta pamoja na data za diski, kisha kuvipeleka kwenye hifadhi ya nje. Kuiweka si kazi ngumu. Ugumu uko kwenye kuieleza mambo matatu kwa usahihi: hifadhi iko wapi, ina ruhusa gani, na diski zinanakiliwa kwa njia ipi.

Kosa la kwanza ni la anwani. Jina la hifadhi likikosewa, au kanda ilipo ikiandikwa nyingine, programu hutangaza kwamba hifadhi haipatikani. Fundi anayeangalia ataona. Asiyeangalia atakaa miezi akidhani kazi inafanyika.

La pili ni la ruhusa. Programu inaweza kupewa funguo za kusoma orodha ya hifadhi bila ruhusa ya kuandika ndani yake. Wakati mwingine funguo ni sahihi lakini saa ya seva ndiyo iliyopotea. Hifadhi ya Amazon, kwa mfano, hukataa maombi yenye saa inayotofautiana na yake kwa zaidi ya dakika 15. Fundi anaweza kubadilisha maneno ya siri siku nzima, kumbe tatizo ni saa.

La tatu ndilo baya zaidi. Kama njia ya kunakili diski haikupangwa, programu inaweza kuchukua orodha peke yake, ikaacha data, na bado ikaandika kwamba kazi imekamilika. Ni sawa na mtunza ghala anayenakili kitabu cha wapangaji kwa uaminifu kila jioni, bila kugusa gunia hata moja. Siku ya kurejesha, mfumo unawaka vizuri, kurasa zinafunguka, lakini majina ya wakulima na kilo zao hayamo.

La nne ni nakala kukaa pamoja na mali. Baadhi ya mafundi hutegemea "picha" ya diski inayopigwa ndani ya mtambo ule ule wa hifadhi. Picha hiyo husaidia karani akifuta kitu kwa bahati mbaya. Mtambo ukiungua au ukiibwa, picha na diski vinaondoka pamoja, kama ilivyotokea kwa nyaraka za Daejeon.

La tano ni muda. Velero isipoelekezwa vinginevyo, huhifadhi nakala kwa siku 30 kisha huifuta. Kwa duka la mtandaoni siku 30 zinaweza kutosha. Kwa kilimo hazitoshi kabisa. Mkulima anayelalamikia malipo ya pili miezi sita baada ya kukabidhi mazao atakuta nakala za siku ile ya mizani zilishafutwa zamani.

La sita hutokea siku ya kurejesha. Klasta mpya inaweza kuwa na madaraja ya hifadhi yenye majina tofauti na ya klasta ya zamani. Data zipo, ni nzima, lakini maombi ya diski yanatafuta daraja lisilokuwapo na yanabaki yanasubiri. Fundi aliyewahi kufanya jaribio anajua kwamba lazima aelekeze jina la zamani kwenye jina jipya. Asiyewahi atajifunza wakati wakulima wako mlangoni.

Msomaji ataona kwamba katika makosa yote sita, programu ya kunakili haikuharibika. Ilifanya kile ilichoambiwa.

Hata wakubwa huangukia hapo

Mtu asidhani makosa haya ni ya mafundi wa mikoani. Januari 31, mwaka 2017, kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwahifadhia waandishi wa programu duniani kazi zao, ilipoteza data zake. Mhandisi mmoja, akishughulikia tatizo usiku, alifuta data kwenye seva kuu badala ya seva ya pili. Kati ya takriban gigabaiti 300, zilibaki gigabaiti 4.5.

Kampuni ilikimbilia nakala zake. Nakala za kila siku hazikuwapo, na hifadhi ilikutwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya toleo 9.6, hivyo ilikuwa inashindwa kila siku. Barua pepe za kutahadharisha zilikuwa zikitumwa, lakini zilikataliwa na mfumo wa barua kwa sababu ya mpangilio wa uhakiki wa mtumaji. Picha za diski kwa upande wa hifadhidata hazikuwa zimewashwa.

Kilichoiokoa kampuni ni nakala iliyopigwa kwa mkono na mhandisi kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Hata hivyo, kazi za saa hizo zilipotea, zikiwamo kumbukumbu za miradi ipatayo 5,000 na watumiaji wapya wapatao 700. GitLab ilisifiwa kwa kueleza yote hadharani, lakini somo linabaki: njia kadhaa za kunakili zilikuwapo kwenye karatasi, na siku ya haja karibu zote zilishindwa.

Kuna mfano wa upande wa pili. Mei 2024, mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulijikuta mifumo yake imefutwa kwenye seva za Google. Chanzo kilikuwa kipengele kimoja kilichoachwa wazi na watumishi wa Google wakati wa kuandaa huduma hiyo. Kwa kuwa kiliachwa wazi, mfumo uliipa huduma muda wa mwaka mmoja, na muda ulipoisha ukaifuta.

Wanachama walikaa siku kadhaa bila kuona akaunti zao. Lakini fedha na kumbukumbu hazikupotea, kwa sababu mfuko huo ulikuwa na nakala mahali pengine, zikiwamo zilizowekwa kwa mtoa huduma mwingine. Kampuni kubwa ilikosea, na mteja akaokolewa na nakala alizokuwa amezitenga mapema.

Hesabu ya mchumi

Sasa tuje kwenye chama cha kawaida. Tuchukue mfano wa kubuni wa chama chenye wanachama 600, kila mmoja akileta mazao mara nane kwa msimu wa siku 60. Hizo ni mizani 4,800, sawa na mizani 80 kwa siku. Tuseme kila mzigo ni kilo 85 na bei ni Sh2,500 kwa kilo. Kwa siku chama kinaandika madai ya wakulima yenye thamani ya Sh17 milioni, na kwa msimu Sh1.02 bilioni.

Chama kikinakili kumbukumbu kila usiku, ajali mbaya kabisa itapoteza kazi ya siku moja. Makarani wataandika upya mizani 80 kutoka kwenye risiti za wakulima, na kesho yake kazi inaendelea. Kikinakili mara moja kwa wiki, kinaweza kupoteza mizani 560, yaani madai ya Sh119 milioni. Hapo risiti zilizoloa, zilizopotea na zilizoghushiwa zitagombana mezani, na malipo yatasubiri hadi ugomvi uishe.

Anayeumia zaidi na kusubiri huko ni mkulima mdogo. Mwenye akiba atasubiri. Asiye na akiba atauza mazao ya msimu ujao yakiwa bado shambani, kwa bei ya kutupa, ili alipe ada ya shule. Kwa hiyo kosa la mpangilio kwenye klasta iliyo mbali na kijiji linaweza kuishia kuwa deni la mkulima kwa mlanguzi.

Je, gharama ndiyo kikwazo? Bei ya kawaida inayotangazwa na Amazon kwa hifadhi yake ya Marekani imekuwa senti 2.3 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi. Kumbukumbu za maandishi na namba za chama kama hiki, hata zikijumlisha miaka mingi, ni vigumu kufikisha gigabaiti 50. Zikifika, ni kama dola 1.15 kwa mwezi, kabla ya kodi na gharama za intaneti. Korea Kusini ilijitetea kwa ukubwa wa hifadhi. Chama cha msingi hakina utetezi huo.

Gharama halisi ni muda wa fundi wa kujaribu kurejesha. Hiyo ndiyo sehemu ambayo muuzaji huipunguza ili zabuni yake ionekane rahisi, na ambayo mnunuzi haioni kwa sababu hakuiuliza.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Bodi ya chama, Saccos au mwenye duka hahitaji kujua Kubernetes. Mwanachama hakuhitaji kusomea uhandisi ili adai kuonyeshwa gunia lake. Yapo maswali machache yanayotosha.

Kwanza, nakala ziko wapi, kwenye jengo lipi na kwa mtoa huduma yupi? Kama jibu ni mahali pale pale mfumo ulipo, hilo si jibu. Kanuni inayokubalika kwa mafundi ni kuwa na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati yake ikiwa nje ya eneo.

Pili, mara ya mwisho nakala ilirejeshwa lini, na nani alishuhudia? Swali lisiwe "mnanakili?" bali "mmerejesha?" Muuzaji aoneshe jina la mkulima mmoja na kilo zake, zikiwa zimetoka kwenye nakala na kuwekwa kwenye kompyuta tupu, kisha zilinganishwe na risiti iliyo mkononi.

Tatu, nakala zinahifadhiwa kwa muda gani? Kwa kilimo, muda usiwe chini ya misimu miwili, na za mwisho wa msimu zitunzwe mpaka ukaguzi wa hesabu ukamilike na malalamiko yaishe.

Nne, kunakili kukishindwa usiku, nani anaarifiwa asubuhi? Arifa iende kwa watu wawili, mmoja wao akiwa wa upande wa chama. Hali kadhalika, ukimya usichukuliwe kuwa dalili njema. GitLab ilikuwa kimya pia.

Tano, mkataba ukivunjika, funguo za hifadhi ni za nani? Chama kiwe na funguo zake, na kumbukumbu ziweze kusomwa na programu ya mtu mwingine. Vinginevyo muuzaji ndiye mwenye ghala, mwenye kufuli na mwenye gunia.

Kwa mfanyabiashara mdogo ambaye hesabu zake ziko kwenye simu au kompyuta moja, kanuni ni hizo hizo kwa udogo wake. Nakili kila jioni, weka nakala moja nje ya duka, na mara moja kwa mwezi ifungue kwenye kifaa kingine uone kama inasomeka.

Wajibu wa wasimamizi

Sheria nazo zimeanza kuligusa jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataja uwezo wa kurejesha data kwa wakati baada ya ajali miongoni mwa hatua za kuzilinda. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, mwaka 2023. Hata hivyo, sheria haiendi ghalani kuhesabu magunia. Anayekwenda ni mkaguzi.

Maoni ya safu hii ni kwamba wakaguzi wa vyama vya ushirika waongeze kazi moja kwenye orodha yao: kushuhudia kumbukumbu zikirejeshwa, mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu kufunguliwa. Wakati huo makarani wana nafasi, mfumo hauna msongamano, na kosa likionekana kuna muda wa kulirekebisha. Wakishuhudia, waandike kwenye taarifa ya mkutano mkuu idadi ya kumbukumbu zilizorudi na muda uliotumika.

Mkulima naye asitupe risiti. Kompyuta imerahisisha mambo mengi, lakini karatasi ile ndiyo nakala pekee iliyo mikononi mwake mwenyewe. Aitunze mpaka shilingi ya mwisho iingie.

Na kwenye mkutano mkuu ujao, mwenyekiti atakaposema kwamba nakala rudufu zipo, ajitokeze mwanachama mmoja aombe, kwa adabu tu, ioneshwe moja.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.